Nani Aliyekataza Kechapu?

Kaka yangu alikuwa ameshaishika chupa. Soseji iko ndani ya mkate, mkate uko juu ya sahani ya karatasi, na mkono wake wa kulia umeanza kuipindua ile chupa nyekundu, ndipo binti yangu akaudaka.

"Ami, hapana. Wewe mtu mzima."

Tulikuwa kando ya Ziwa Michigan, upande wa kaskazini wa Chicago, familia kadhaa za Pwani na za bara tumezunguka majiko ya mkaa, watoto wanakimbizana na mpira. Kaka alikuwa amewasili majuzi kutoka Mombasa, usingizi wake bado unafuata saa za kwao. Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Kwani ina nini?"

"Kechapu ni ya watoto," binti akajibu. "Sisi tunaruhusiwa. Wakubwa hawaruhusiwi."

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka. Halafu akairudisha chupa mezani, akachukua haradali.

Hapo ndipo paliponikaa rohoni.

Mtoto hakunishangaza. Kazaliwa hapa, na sheria hii kaisikia shuleni, kwa majirani na uwanjani kwenye besiboli. Aliyenishangaza ni kaka. Kaka ni mpishi wa pilau za shughuli. Ukimkuta mbele ya sufuria ya kulisha ukumbi mzima, kuni zinawaka na jasho linamtiririka, humsogelei kumwambia kitu. Mama wa mabibi harusi wamejaribu, wakarudi walikotoka. Hashauriki kwenye chakula, na hajawahi kuona haya kwa hilo. Leo anakatazwa na mtoto wa darasa la nne, naye anatii bila neno la pili.

Amesharudi kwao, na mimi bado nalo.

## Bustani juu ya soseji

Ukisimama dirishani kwa muuzaji wa hotdogi wa Chicago ukasema unataka na kila kitu, hicho kila kitu ni vitu saba, na kechapu haimo.

Nimezoea kusimama pembeni nikitazama mikono inavyokwenda. Mkate mrefu wenye vimbegu vya popi mgongoni umeshalainika kwenye mvuke. Soseji inatolewa kwenye maji ya moto kwa koleo, inalazwa. Haradali ya manjano inapita mstari mmoja. Inafuata achari tamu ya matango, ya kijani kikali ambacho hukioni kwenye jani lolote. Ni rangi ya kutiwa na hakuna anayeficha. Kitunguu cheupe kilichokatwakatwa kidogo kidogo. Vipande vya nyanya vinabanwa kati ya soseji na mkate upande mmoja, na upande wa pili kinalazwa kipande kirefu cha tango la siki. Juu zinakaa pilipili ndogo za kuloweka, kwa kawaida mbili, na mwisho kabisa inanyunyizwa chumvi ya selari, ambayo ndiyo inayokufanya ujiulize hii harufu inatoka wapi. Yote hayo kwa muda ambao wewe bado unatafuta pesa mfukoni. Ukiila, unainama mbele, la sivyo nyanya itakuwa ya shati.

Wenyewe husema hotdogi yao imeburutwa bustanini. Na ukifuatilia ni bustani ya nani, unakuta kila mmea una mwenyewe.

Soseji yenyewe ililetwa na wahamiaji wawili wa Kiyahudi kutoka Austria-Hungaria, Emil Reichel na Samuel Ladany, walioiuza kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893. Ilikuwa ya nyama ya ng'ombe tupu, na kampuni yao, Vienna Beef, ipo mpaka leo. Ndiyo maana soseji ya Chicago kwa desturi haina nguruwe, jambo ambalo kwa watu kama sisi si dogo. Mboga zilikuja baadaye. Simulizi inayorudiwa sana ni ya soko la Maxwell Street, mtaa wa wachuuzi wa kila kabila la Ulaya, ambako kibanda kiitwacho Fluky's kilianza mwaka 1929, mwaka uleule uchumi ulipoporomoka, kikiuza soseji iliyojaa mboga kwa senti 5. Mtu aliyepoteza kazi alipata nyama, mkate na mboga zake mkononi kwa sarafu moja.

Kwa hiyo hakuna aliyekaa chini akapanga orodha. Huyu kaja na haradali ya kwao, yule ana matango ya siki kwenye pipa, jirani anauza nyanya na kitunguu. Vikapandana.

Katika simulizi zote hizo za mwanzo, sijakuta mahali ambapo mtu anakatazwa kitu.

## Sababu wanazotoa

Nimewauliza watu. Kazini, msikitini, kwa fundi wa gari, kwa jirani yetu mzee ambaye amezaliwa na kuzeekea mtaa huu huu.

Sababu ya kwanza ni sukari. Kechapu ni tamu mno, inafunika ladha ya nyama. Hii nilikaribia kuikubali, mpaka nilipokumbuka ile achari ya kijani. Ile nayo ni tamu! Kama tatizo ni sukari, mbona hiyo imepewa kiti cha mbele?

Sababu ya pili: nyanya tayari zipo, za nini tena za chupa? Hii ina akili kidogo. Lakini haielezi ukali. Kitu kisichohitajika huwa kinaachwa tu, hakiitishi watu wazima kukunja uso.

Sababu ya tatu, aliyonipa fundi wa gari huku akifuta mikono: kechapu ni ya kuficha nyama mbovu. Nikamwambia haradali je? Akasema haradali ni kitu kingine. Basi.

Sheria yenyewe inajulikana mpaka kwa wakubwa. Baraza la kitaifa la hotdogi na soseji la Marekani, ambalo ni chombo cha wenye viwanda, lina maelekezo ya adabu za kula hotdogi, na humo mtu aliyepita miaka 18 anaambiwa asitie kechapu. Binti yangu hakuwa ametunga. Na mwaka 2017 kampuni ya Heinz ilifanya utani wa biashara: ikatoa chupa zenye jina la mchuzi wa hotdogi wa Chicago. Ndani mlikuwa na kechapu ileile wanayouza kila siku. Waliujua ugonjwa ulipo, ukisema jina unakataliwa, ukibadilisha jina unaonjwa.

Mimi sasa naamini sababu zote hizi zilikuja nyuma ya katazo. Watu walianza kukataa, ndipo wakatafuta la kusema.

## Kibanda kisicho na nyanya

Kilichonifungua macho ni River Grove, mji mdogo uliogusana na Chicago upande wa magharibi. Huko kuna Gene & Jude's, na foleni yake inaweza kuzunguka jengo. Hakuna viti. Hakuna kechapu ndani ya nyumba, hata ya mtoto, hata ya chipsi.

Na hakuna nyanya.

Hakuna tango la siki wala chumvi ya selari. Mkate wao hauna vimbegu. Wanatia haradali, achari, kitunguu, pilipili ukitaka, kisha wanachota konzi ya chipsi moto wanazimwaga juu, wanafunga yote kwenye karatasi. Ukifungua umeshika furushi la viazi, soseji iko chini huko inatafutwa. Wazee wa huko watakuambia hii ndiyo ya zamani, ya siku za njaa, na ile ya bustani ni mbwembwe za mjini.

Sasa nikajiuliza. Hawa wa mjini wana vitu saba, hawa wa River Grove wametoa vitatu wakamwaga chipsi, mkate tofauti, umbo tofauti. Ukiwaweka pamoja watabishana juu ya kinachoingia.

Wanakubaliana na kisichoingia.

Nilisimama pale kwenye maegesho, mafuta ya chipsi yameloweka karatasi ya mtu aliyekuwa mbele yangu, nikafikiri kwamba labda ndivyo miji inavyojitambua. Ukiwauliza watu wanakula nini watagombana mpaka usiku. Waulize hawali nini, wanajibu kwa sauti moja.

## Miji mingine, mikono mingine

Ili nisiwe natunga nadharia kwa mji mmoja, nilianza kuzingatia mingine.

Katikati ya Detroit kuna migahawa miwili iliyopakana ukuta kwa ukuta: American Coney Island, iliyoanza mwaka 1917, na Lafayette Coney Island. Yote miwili imetokana na ndugu wa Kigiriki wa familia ya Keros. Juu ya soseji wanamwaga mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, bila maharage, halafu haradali na kitunguu kibichi. Nje ukiangalia, unadhani ni mgahawa mmoja uliogawanyika kwa hasira. Wenyeji wana upande wao, na wapo wanaokuambia kwa fahari kwamba hawajawahi kukanyaga mlango wa pili. Jina lenyewe wamelichukua kwenye ufuko wa New York, kule Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland, alikofungua kibanda mwaka 1916 akauza kwa senti 5 wakati bosi wake wa zamani anauza kwa senti 10.

Cincinnati wana mchuzi wao pia, wa ndugu wa Kimasedonia akina Kiradjieff walioanza mwaka 1922. Huo una mdalasini. Juu yake wanarundika jibini la manjano lililokunwa mpaka soseji isionekane. Nilipomweleza kaka, la jibini alilinyamazia, la mdalasini akasema, "Hao wana akili."

Seattle wanapaka jibini laini na vitunguu vya kukaanga. West Virginia wanatia kabichi mbichi iliyochanganywa na mayonezi. Chile wanaweka parachichi lililopondwa, nyanya na mayonezi, rangi zinafanana na bendera ya Italia, na jina wakaipa hilohilo la Kiitaliano.

Na Iceland, ambako mwana wa rafiki yangu anasoma, kechapu ni halali kabisa. Kibanda cha Bæjarins Beztu Pylsur kipo Reykjavik tangu mwaka 1937, soseji yake ina nyama ya kondoo ndani, na ukisema na kila kitu unapata kechapu, haradali tamu, mchuzi mweupe wenye viungo, kitunguu kibichi na kitunguu cha kukaanga kikavu. Bill Clinton alipopita hapo mwaka 2004 akaomba haradali peke yake. Mpaka leo hotdogi yenye haradali tupu inaitwa kwa jina lake. Huko ukikataa kechapu wewe ndiye mtoto.

## Katazo la kweli

Hapa nikakwama kwa muda, maana nilisahau jambo moja la siku ile ziwani.

Kabla ya kufika kwenye chupa, kaka aliuliza swali. Aliuliza mapema, soseji hazijagusa jiko: "Nyama ya wapi hii?" Nikamwonyesha pakiti, nimeinunua Devon Avenue, mtaa wenye bucha za Wahindi na Wapakistani, imepigwa muhuri wa halali. Akaichukua, akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia. Swali hilo alinielekezea mimi na alisubiri jibu kamili.

La kechapu aliliacha kwa mtoto.

Kwa hiyo nilidhani nimepata jawabu: mtu aliyelelewa na mipaka hashtuki akikuta mpaka mwingine. Huyu hali kitu mpaka ajue kimechinjwa vipi, mfungo wa Ramadhani anaufunga kazini mbele ya sufuria, kukatazwa si jambo geni kwake.

Halafu nikaitilia shaka. Mtu mwenye katazo la kweli ndiye angetakiwa kulicheka la utani. Mimi mwenyewe, nikisikia mtu anasema kechapu ni dhambi, huwa najisikia kumwambia njoo nikufundishe dhambi.

Na Waislamu wa hapa hawakuuacha mji kwa sababu ya katazo. Dearborn, mji uliopakana na Detroit, wenye Waarabu wengi, kuna migahawa ya coney yenye nyama ya halali. Mchuzi uleule wa Wagiriki, haradali ileile, kitunguu kilekile. Tulipita huko mwaka jana. Kwenye meza ya jirani kijana mmoja alikuwa anamweleza mgeni wake, kwa mkazo, kwamba maharage hayaruhusiwi ndani ya mchuzi. Babake huenda alikuja kutoka Lebanon. Yeye tayari ni askari wa mchuzi wa Kigiriki.

Hilo la kijana wa Dearborn nililiweka kando. Nilijua litanifaa.

## Mkokoteni na faini

Kuna upande wa habari hii usiochekesha.

Los Angeles, nje ya viwanja na kumbi usiku, utasikia harufu kabla ya kuona kitu: soseji zilizozungushiwa nyama ya nguruwe, zinakaangwa kwenye sinia la bati juu ya mkokoteni, pamoja na vitunguu na pilipili mboga. Kwetu hiyo haiingii mdomoni, lakini harufu haina dini. Wauzaji wengi ni akina mama wa Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa miaka mingi waliuza huku wakichungulia kona, kwa sababu kuchuuza barabarani kulikuwa kosa. Mikokoteni ilichukuliwa, faini zikatozwa, na kwa mtu asiye na karatasi faini si pesa tu. Mwaka 2018 ndipo jimbo la California likapitisha sheria ya kuondoa jinai kwenye biashara hiyo.

Mwaka huohuo wa 2018, Tucson, Arizona, mgahawa wa El Güero Canelo ulipewa tuzo ya James Beard, heshima kubwa kabisa ya mapishi nchini Marekani. Kwa kitu gani? Hotdogi ya Sonora: soseji iliyozungushiwa nyama hiyohiyo, ndani ya mkate laini wa Kimeksiko, na maharage, nyanya, kitunguu, mayonezi, haradali na mchuzi wa pilipili. Daniel Contreras aliuanza mgahawa huo mwaka 1993 akiwa na kibanda kidogo.

Chakula kimoja kwa asili, na watu wa asili moja. Huku kinapewa tuzo, kule mwenye nacho alikuwa akifukuzwa barabarani.

Nikiangalia orodha yote hii, kuanzia Reichel na Ladany mpaka mama wa mkokoteni, aliyeongeza kitu juu ya soseji karibu kila mara alikuwa mgeni. Hakuwa na uwezo wa kumkataza mtu chochote. Alichokuwa nacho ni pipa la matango au fungu la vitunguu, akakitia, akaomba Mungu mteja arudi. Kukataza kulikuja na watoto wake.

## Pasua na kachumbari

Nairobi tunayo ya kwetu, na kwa sasa iko kwenye umri wa kuongeza.

Smokie pasua kwenye toroli la stejini: kisu kinapita katikati, soseji inafunguka, kachumbari inasukumwa ndani kwa ncha ya kisu kilekile, halafu mchuzi mwekundu kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Nyanya, kitunguu, dhania, pilipili. Ukiondoa tango na ukatia dhania, hiyo na ya Chicago ni mtu na binamu yake, ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake. Wengine wanaifunga kwenye chapati. Wengine wanapasua na yai la kuchemsha kando. Kila mwaka nikienda nakuta kitu kipya kimeongezwa, na sijawahi kusikia mtu wa toroli akimwambia mteja "hicho hatutii".

Sijasikia mteja naye akikubali kunyamaza. Kaka alipopita Nairobi kwenda uwanja wa ndege, alisimama kwenye toroli moja akamfundisha kijana wa watu namna ya kukata kitunguu. Kijana wa watu alikuwa na foleni! Kaka akachukua kisu. Nimesimuliwa na shahidi aliyeona aibu.

Kwa hiyo hata jawabu la pili nililokuwa nalo moyoni, kwamba alitii kwa adabu ya mgeni, likaanguka. Ugeni haujawahi kumzuia huyu.

## Nikampigia

Mwisho nikampigia simu. Nilipaswa kuanza na hilo, ila kaka si mtu wa kuulizwa mambo ya hivi bila kukusimanga wiki nzima.

"Ile kechapu," nikamwambia. "Mbona uliirudisha?"

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nasikia watu wanaosha masufuria.

"Yule mtoto alisema kama mwenye chakula," akajibu. "Mwenye chakula akisema hapana, unamwachia. Mimi watu wakija na nyanya zao kwenye pilau yangu, nawaambia hapana, na wao wananiachia."

Hapa lazima nieleze kwa wasiomjua. Kaka hatii nyanya kwenye pilau. Rangi ya pilau, kwake, inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikafika kahawia ya mti, na hapo una nafasi ndogo sana kabla hakijaungua. Anayetia nyanya, anasema, ni mtu aliyeshindwa kusimama na kitunguu. Ukimwambia bara wanatia, anakuambia bara wana mambo yao mengi.

Mke wangu ni wa Nakuru. Anatia nyanya. Kaka alipokuwa kwetu alikula pilau hiyo, sahani mbili, akashukuru vizuri kabisa. "Wali mtamu, shemeji." Wali. Mke wangu bado anaiongelea.

Nikadhani mazungumzo yamekwisha. Akaongeza:

"Lakini wewe. Umekaa huko miaka yote hiyo. Ulikuwa umesimama pale pale. Mbona wewe hukunikataza?"

Nilisema kitu cha kupita. Kwamba mgeni anaachiwa, kwamba ni kechapu tu. Tukaagana.

Ukweli ni kwamba haikunijia. Naijua sheria, naifuata, ni miaka mingi sijatia kechapu kwenye hotdogi mbele za watu. Ila kumzuia mtu mkono, kwa sauti, kwamba hapa kwetu hatuli hivi? Neno "kwetu" lingetoka mdomoni mwangu likiwa na wasiwasi, likitazama huku na huku kama mtu anayepita forodhani. Binti yangu halimpi shida. Kwao ni hapa, kwao wana sheria, na ami yake amekaribia kuivunja. Yule kijana wa Dearborn na maharage yake ni hivyohivyo.

Nilifurahi kwa ajili yake. Nilihuzunika kidogo pia, sitaki kusema uongo, kwa sababu siku ile ziwani ndiyo siku nilipomwona mwanangu mwenyewe akinikaribisha mjini mwake.

## Ukwaju

Tangu hapo nimeamua kufanya kazi yangu, ambayo ni kuongeza.

Nachemsha ukwaju na pilipili mbuzi na sukari guru kidogo na chumvi, ule wa viazi karai vya Mombasa, ila nauacha jikoni zaidi mpaka uwe mzito wa kujishika kwenye kijiko. Ukiwa mwepesi, mkate unalowa na kukatika kabla hujafikisha mdomoni. Ya viazi inaweza kuwa majimaji, ya mkate haiwezi. Soseji ya Devon Avenue naichoma kwenye mkaa mpaka ngozi ipasuke. Kitunguu cheupe, nyanya, pilipili za Chicago zile ndogo, chumvi ya selari. Achari ya kijani naiacha, kwa sababu ukwaju umeshaleta utamu wake. Haradali nilijaribu kuiacha pia, nikaona nyama imekosa ukali, nikairudisha kwa uzi mwembamba.

Kaka, kwa simu, anasema ukwaju na haradali vyote vina uchachu, kimoja kitoke. Mke wangu anasema kaka hajaonja, anyamaze. Jirani yetu mzee alionja wa kwanza akiwa kasimama kwenye uzio, akaomba wa pili, akauliza kama ndani kuna kechapu, nikamwapia hakuna.

Binti yangu anakula. Ila ameshasema ukwaju unawekwa chini ya kitunguu, si juu, na Jumapili iliyopita alimrudisha mama yake jikoni kwa kosa hilo.